Ufundi wa Kutotikisika

Mpira ukisimama kidogo, refa akisubiri mchezaji aliyeumia atolewe nje, kamera hugeukia jukwaani. Humtafuta mtoto aliyepakwa rangi usoni, mzee aliyeshika kichwa, kijana aliyevua shati, mama anayeomba dua huku amefumba macho. Zinamtaka mtu ambaye mwili wake unasimulia kinachoendelea uwanjani. Tarehe 23 Desemba 2025, mjini Rabat, Morocco, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipocheza na Benin mechi yake ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika, kamera zilimkuta mtu wa namna nyingine kabisa. Amevaa suti na miwani. Nywele zimechanwa na kupasuliwa njia upande mmoja, kidevuni ana ndevu fupi. Amesimama juu ya kijukwaa katikati ya Wakongo wanaoruka na kupiga ngoma, mkono wa kulia uko juu, kiganja wazi. Hatikisiki.

Kamera iliondoka, ikafuata mpira, ikarudi. Yuko vilevile. Théo Bongonda alifunga bao pekee la mechi ile, watu wakakumbatiana na kuangukiana pande zote za yule bwana, na mkono haukushuka. Kipindi cha pili hali ni hiyo hiyo. Watazamaji wa nyumbani walianza kuulizana: ni mtu kweli, au ni mdoli uliovalishwa suti?

Ni mtu, anaitwa Michel Kuka Mboladinga. Kinshasa walikuwa wakimfahamu kabla ya hapo, hasa wapenzi wa AS Vita Club, ambao klabu yao huiita Vea. Huko ndiko lilikotoka jina lake la jukwaani, Lumumba Vea. Nje ya Kongo alikuwa hajulikani. Ilipofika tarehe 6 Januari 2026, wiki mbili tu baadaye, watu ambao wasingeweza kukutajia beki hata mmoja wa Kongo walikuwa wanaijua sura yake. Katika mashindano yaliyokuwa na Mohamed Salah, Sadio Mané, Victor Osimhen na Achraf Hakimi, mmoja wa watu waliopigwa picha kuliko wote alikuwa jukwaani, na hakugusa mpira.

Ni rahisi kumweka kwenye fungu la vioja vya mashindano, pamoja na yule aliyevaa kichwa cha chui na yule aliyebeba sufuria. Mimi naona fundi yuko kazini. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye picha, maana picha humtuliza kila mtu. Kwenye picha hata mpiga ngoma ametulia. Umahiri wa Mboladinga huonekana kwenye video, pale ambapo jukwaa zima linayumba kama bahari, na kipo kitu kimoja tu ambacho hakiendi na wimbi.

Tuanze na mkono. Simama wima, nyanyua mkono wa kulia juu ya kichwa, fungua kiganja, uuache hapo. Mwanzoni ni mchezo. Baada ya dakika chache bega linaanza kuwaka, vidole vinaingia ganzi kwa sababu damu iliyozoea kuteremka sasa inatakiwa ipande, kiwiko kinataka kukunjika, na bega lote linajivuta kuelekea sikioni likijaribu kuusaidia mkono. Hapo ndipo mwili wa kawaida unapojisaliti. Mkono hauporomoki kwa mara moja. Unateremka kidogo kidogo, kiasi ambacho hata mwenyewe hatambui, mpaka ile salamu ya kiongozi inageuka kuwa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Tofauti kati ya pozi hizi mbili ni ya nyuzi chache tu za kiwiko. Kuishika ile ya kwanza kipindi kizima, kupumzika kidogo, kisha kuishika tena kipindi cha pili ikiwa ile ile, ni kazi inayohitaji mazoezi ya muda mrefu, na mwili uliokwisha kufundishwa kwamba maumivu ya bega si amri ya kushusha mkono.

Hata hivyo, hatari kubwa iko miguuni. Vigimbi ni pampu ya pili ya mwili: mtu akitembea vinakaza na kulegea, vinaisukuma damu irudi moyoni. Ukisimama bila kusogea, damu inatuama chini, shinikizo linashuka, ubongo unapungukiwa, na mtu anaanguka. Aliyewahi kuhudhuria sherehe za uhuru kwenye jua la Desemba, Dar es Salaam au Nairobi, huenda ameona askari kijana akitolewa kwenye gwaride kwa machela. Mara nyingi si mgonjwa; amekaza magoti tu. Wanaofundisha gwaride hawaishii kumwambia kuruta asitikisike. Humfundisha namna ya kutikisika bila kuonekana: asifunge magoti, akunje na kukunjua vidole vya miguu ndani ya buti, akaze vigimbi na kuviachia, ahamishe uzito kutoka unyayo mmoja kwenda mwingine kiasi ambacho hata aliyesimama ubavuni kwake hajui. Utulivu tunaouona kwa nje una shughuli nyingi ndani yake. Nikiujua ukweli huo, namtazama Mboladinga kwa heshima zaidi, kwa sababu mwili wake lazima uwe na majibu kwa maswali haya yote, na suruali iliyonyooshwa pasi haituonyeshi hata jibu moja.

Pumzi nazo zina hesabu yake. Mtu akiwa na wasiwasi hupumulia kifuani, na kifua kikipanda suti inapanda nacho, tai inacheza, mabega yanafuata. Anayetaka kuonekana amegandishwa lazima apumulie tumboni, polepole, hata pale timu yake inapopigiwa kona ya tatu mfululizo.

Hapo ndipo kazi yake inapoachana na kazi za wenzake. Kote duniani wapo watu wanaojipatia riziki kwa kusimama kama sanamu. Kwenye Rambla ya Barcelona wamekuwapo kwa miongo mingi, wamejipaka rangi ya shaba au fedha kuanzia nywele mpaka viatu. Mji wa Arnhem, Uholanzi, umewahi kuwaandalia tamasha lao. Ni mafundi, sina ubishi. Lakini msanii wa Rambla ana mkataba na mpita njia: ukitupia sarafu, sanamu inazinduka, inakupungia mkono, inakukonyeza, mtoto anapiga kelele kwa furaha. Utulivu wote umewekwa kwa ajili ya ile sekunde ya kuuvunja. Tena msanii huyo hana ugomvi na kinachotokea mbele yake. Watalii wakipita wakija, moyo wake haumo.

Mboladinga ni shabiki. Mechi inayochezwa mbele yake ndiyo iliyomtoa Kinshasa ikampeleka Morocco. Kila mpenzi wa mpira anajua jinsi mwili wa shabiki usivyoomba ruhusa: mguu unapiga teke chini ya meza mshambuliaji anapopiga shuti, mikono inashika kichwa kabla akili haijaelewa kwamba mpira umegonga mwamba. Macho yanakwenda na mpira hata ukiyakataza. Anachokizuia yeye ni mwili wenye mapenzi, na huo ni mgumu kuuzuia mara nyingi zaidi kuliko mwili uliochoka.

Hebu tazama alivyopitishwa. Tarehe 27 Desemba, mjini Tangier, Cédric Bakambu aliwafungia Wakongo dhidi ya Senegal. Haikuchukua muda Sadio Mané akasawazisha, mechi ikaisha 1-1. Siku tatu baadaye Botswana ilifungwa 3-0, mabao mawili yakiwa ya Gaël Kakuta. Jumla hatua ya makundi Kongo ilifunga mabao matano na kufungwa moja. Mabao hayo yote sita, ya shangwe na la uchungu, yalimkuta ameinua mkono uleule. Ndiyo maana nasema yeye hachezi sanamu tu. Anajinyima tunda ambalo shabiki hulifuata uwanjani, lile la kuruka na kulia pamoja na wenzake, ili jukwaa lipate kitu kingine.

Jukwaa lenyewe linastahili sifa zake. Mashabiki wa Kongo hawaendi uwanjani kukaa. Wana ngoma, wana nyimbo, wana mtu wa kuongoza mwitikio, wana kiuno kinachofanya kazi dakika 90. Nchi iliyoipa Afrika rumba na soukous haiwezi kushangilia kwa makofi ya adabu. Mboladinga alisimama katikati ya kundi hilo, na ninaamini upangaji huo ni nusu ya sanaa yake. Mwondoe, umweke peke yake kwenye safu tupu ya viti, na utabakiwa na mtu aliyeinua mkono. Akiwa pale kati, ngoma zinampa utulivu wake maana, naye anazipa ngoma kitu cha kuzunguka. Wapiga ngoma na wacheza dansi wale hawakutajwa majina. Nawataja hapa kama wabia wake, maana bila jasho lao kamera isingekuwa na sababu ya kushangaa.

Sisi huku Afrika Mashariki tumewahi kuwa na bingwa wa upande mwingine wa sanaa hiyo. Isaac Juma wa Kakamega aliifuata AFC Leopards na Harambee Stars kwa miaka mingi, kifua wazi, mwili mzima umepakwa rangi za timu, akicheza mbele ya jukwaa mpaka watu waliokuja wamenuna wakaanza kucheka. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2022, na viwanja vya Kenya vilipoteza mtu aliyejua kuwasha watu elfu kwa bega moja. Juma aliutumia mwili kwa kuumwaga wote nje. Mboladinga anautumia kwa kuufunga. Ukiwafikiria kwa pamoja unaona jinsi uwanja wa ushabiki ulivyo mpana, na jinsi unavyodai kipaji kama jukwaa lolote la tamthilia.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nimwandikie yeye na nisimwandikie mwingine. Mboladinga angeweza kuinua mkono kwa jina la yeyote. Alimchagua Patrice Lumumba.

Sanamu anayoiiga iko Limete, Kinshasa, karibu na mnara wa Échangeur, kwenye barabara inayotoka uwanja wa ndege wa N'djili, nayo barabara inaitwa Boulevard Lumumba. Mgeni akiingia mjini hukutana na mkono ule ulioinuliwa. Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925, kijijini Onalua, katika Sankuru. Alifanya kazi posta mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, mji ambao Kiswahili na Lingala vinaishi nyumba moja, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, akiwa waziri mkuu, alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akasema waziwazi kile ambacho ukoloni ulikuwa umewafanyia watu wake. Septemba akaondolewa madarakani. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku huo wakapigwa risasi nje ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi.

Wauaji hawakuishia kuua. Waliifukua miili, wakaikatakata, wakaiyeyusha kwa tindikali, kusudi lisibaki kaburi la watu kwenda kulilia. Aliyefanya kazi hiyo, ofisa wa polisi wa Kibelgiji Gérard Soete, alijichukulia meno na kurudi nayo kwao. Jino moja, lenye dhahabu, ndilo lililokabidhiwa kwa familia mjini Brussels mwezi Juni 2022, miaka 61 baadaye. Likawekwa kwenye jeneza la ukubwa wa mtu mzima, likazungushwa nchini, likazikwa Limete tarehe 30 Juni.

Hebu sasa urudi kwenye jukwaa la Rabat. Mtu aliyenyang'anywa mwili wake mpaka mfupa wa mwisho, mtu ambaye nchi yake ilizika jino, anaazimwa mwili mzima na raia mmoja: mabega, kiganja, magoti, shingo, kwa dakika 90 kila mara. Mwaka wenyewe ni ule wa 2025, miaka mia moja tangu azaliwe. Sijui namna nyingine ya kumkumbuka Lumumba ambayo ingegusa jeraha lake kwa usahihi kiasi hiki. Shaba inasimama bila kuumia. Mwili wa Mboladinga unaumia, na maumivu hayo ndiyo gharama anayolipa ili mwingine aonekane.

Kwa sababu hiyo naliona kuwa jambo la maana kwamba hakujipaka rangi. Msanii wa barabarani angejifanya shaba, na watu wangesifu jinsi anavyofanana na chuma. Yeye aliacha ngozi yake ionekane ni ngozi. Suti zake nazo hazikuwa nyeusi kama za picha za mwaka 1960. Alivaa rangi za bendera ya nchi yake, bluu, nyekundu, njano, zimekatwa zikakaa vizuri mwilini, kama unavyotarajia kwa mtu wa Kinshasa, mji ambao kuvaa ni fani yenye walimu na wanafunzi. Miwani na njia ya nywele zinatosha kukwambia ni nani. Yaliyobaki ni Mkongo wa leo, amekuja kwenye mpira. Fundi mdogo kuliko yeye angezidisha: angebandika ndevu, angebeba bango, angeweka redioni hotuba ya uhuru. Yeye alijua aishie wapi.

Tena timu ya Kongo yenyewe ilikuwa imekwisha kuzungumza kwa mwili kabla yake. Februari 2024, nchini Ivory Coast, kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji, wachezaji walisimama wakati wa wimbo wa taifa kila mmoja ameziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili amevielekeza kichwani kama bastola. Walikuwa wanawaambia watazamaji kwamba watu wanauawa mashariki ya nchi yao na dunia imenyamaza. Mwanzoni mwa 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, ikafuata Bukavu, miji ambayo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya msibani. Katika nchi iliyo katika hali hiyo, kuinua mkono wa mtu aliyekufa akiitaka Kongo moja ni tamko zito, na lilitolewa bila neno lolote la chama, la kabila wala la jimbo. Shabiki wa TP Mazembe kule Lubumbashi na shabiki wa Vita Club kule Kinshasa, ambao siku za kawaida hawapeani maji, walikuwa wanamtazama mtu mmoja.

Tarehe 6 Januari 2026 Kongo ilikutana na Algeria katika hatua ya 16 bora, Rabat. Dakika 90 ziliisha bila bao. Zikaongezwa 30. Fikiria bega lile lilipofika dakika ya 100, ya 110. Mashabiki waliokuwa wakicheza walipata hata nafasi ya kukaa chini wakinywa maji. Aliyejipa kazi ya kusimama hakuwa na nafasi hiyo. Dakika ya 119, wengi wakiwa wameshaanza kuwaza penalti, Adil Boulbina akafunga. Kongo ikatolewa. Mboladinga alilia, na sioni kwamba machozi yale yaliharibu chochote. Mechi ilikuwa imekwisha. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Aliyebaki pale alikuwa shabiki ambaye timu yake imefungwa katika dakika ya mwisho kabisa, na alikuwa na haki ya kilio kama mwingine yeyote.

Kisha likatokea lile la Mohamed Amoura. Katika furaha ya ushindi mshambuliaji huyo wa Algeria alisimama wima, akainua mkono kama Lumumba Vea, halafu akajiangusha chini. Ilichukua sekunde chache. Barani kote watu wakachukia.

Sisi tunaojua utani wa Simba na Yanga tunajua kumtania mpinzani aliyefungwa si kosa. Ni sehemu ya mpira, na asiyeweza kutaniwa abaki nyumbani. Kilichouma ni lile tendo la pili, kuanguka. Amoura aliona shabiki; akadhani anaangusha shabiki. Hakujua, na alisema mwenyewe alipoomba radhi, kwamba hakuelewa ishara ile ilimwakilisha nani. Naamini hakujua, na radhi yake naipokea. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anaweza kupita shule bila kufundishwa Lumumba, hata katika nchi ambayo yenyewe ilipigania uhuru kwa damu kuanzia 1954 hadi 1962. Ila tukio lile lilionyesha jambo moja kuhusu ufundi ninaousifu. Mboladinga alikuwa amemjenga Lumumba pale jukwaani kwa ukamilifu kiasi kwamba utani uliolengwa kwake ukampata marehemu. Watu waliokasirika hawakusema kwamba Michel ametukanwa. Walisema Lumumba ameangushwa tena. Katika maigizo ya aina yoyote, sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Na katika siku zilizofuata jina la Lumumba lilitafutwa, likasomwa, likaelezwa na vijana kwa vijana wenzao kwa wingi ambao hotuba za kumbukumbu hazijawahi kuupata. Hapa Dar es Salaam watu hupita kila siku Mtaa wa Lumumba, Mnazi Mmoja, mtaa ambako TANU ilizaliwa mwaka 1954, wakiwa na haraka ya kuwahi daladala, na wengi hawajawahi kuuliza mwenye jina alikuwa nani. Zanzibar ipo shule yenye jina lake, Kisumu ipo hospitali. Januari ile walau baadhi ya wapitaji hao waliuliza. Taifa Stars walikuwa Morocco pia, wameingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yao kabla ya kufungwa 1-0 na wenyeji tarehe 4, kwa hiyo nyumba nyingi huku zilikuwa zimewasha televisheni tayari.

Tarehe 10 Januari, Marrakech, Nigeria ikaitoa Algeria katika robo fainali kwa mabao 2-0. Akor Adams alipofunga bao la pili alisimama, akainua mkono wa kulia, akatulia. Kongo ndiyo iliyoinyima Nigeria nafasi ya Kombe la Dunia kwa penalti mwezi Novemba 2025, papo hapo Morocco, na bado Mnigeria akaona inafaa kuwapa Wakongo salamu hiyo. Wenzake walipomfikia pozi ikavunjika, kama ilivyopaswa. Yeye alikuwa mfungaji, na furaha ilikuwa yake.

Mwaka 2027 mashindano yanakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Kongo ikifuzu, na Mboladinga akiwapo, nina maombi matatu kwa watakaosimamia majukwaa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Aruhusiwe kuingia na kijukwaa chake, hata kama kanuni za uwanja zitahitaji kusomwa mara mbili. Wapiga ngoma wake wawekwe kumzunguka, wasitawanywe kwenye milango tofauti kwa sababu ya namba za tiketi. Na mashabiki wetu, ambao najua watamkimbilia na simu zao, wasubiri mapumziko ndipo waombe picha. Kipindi kinapochezwa, bwana yule yuko kazini.